Ngolo Mbele ya Ofisi ya Kata

Uvumilivu wangu uliondoka pamoja na kiatu changu cha kushoto. Kilikuwa yeboyebo ya kijani, mpya kabisa, na niliitazama ikielea kwenye maji mekundu mbele ya ofisi ya kata. Ilizunguka kidogo kama inayouliza njia, kisha ikashika mteremko ikaelekea kwenye mibuni ya watu. Ya kulia ilijaa maji mpaka juu lakini ilibaki. Mimi nilikuwa nimesimama pekupeku, mtoto nimemhamishia kifuani, mgongo umebanwa kwenye ukuta wenye rangi mpya, na maji ya bati yananimwagikia shingoni.

Ndani kulikuwa kukavu na kweupe. Sakafu nzima marumaru, nyeupe hadi inaumiza macho. Mlangoni alisimama mhudumu wa ofisi, mama mpole tunayesali naye jumuiya moja, ameshika dekio kama askari wa zamu.

"Viatu nje, mama," alikuwa ameniambia.

"Nimeshavua. Naingia."

"Ila miguu yako ina tope."

"Nimevua viatu kwa amri yenu, nikakanyaga tope kwa sababu sina viatu. Sasa nivue na miguu?"

"Mimi nimetumwa tu, mdogo wangu. Subiri mvua ikatike."

"Nisubirie wapi?"

Akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Hakukuwa na kibaraza, hakukuwa na mti, hakukuwa na kitu. "Hapohapo," akasema, na kwa sauti yake nilijua hata yeye aliona aibu.

Hapo ndipo kiatu kilipoondoka. Mtoto alikiona, akacheka kwa sauti, maana kwake ilikuwa burudani. Mimi nikaingiza kichwa mlangoni nikasema, si kwa kupiga kelele, lakini kila mtu alisikia: "Mtendaji, mwanangu ananyeshewa nje ya jengo ambalo mchanga wake niliubeba yeye akiwa tumboni."

Mtendaji wa kata aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Alikuwa amevaa soksi tupu. "Mama, utaratibu ni wa watu wote," akasema.

"Utaratibu wako umeondoka na kiatu changu."

Nikageuka nikaenda zangu. Nilikuwa nimefuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na ilikuwa mara ya pili kurudi bila hicho cheti.

Ili mtu aelewe kwa nini nilikasirika kiasi kile, lazima ajue ile ofisi ilivyokuwa zamani. Mimi ni mtu wa ziwani, nimezaliwa na kukulia ufukweni Nyasa, nikaolewa huku juu Mbinga kwenye baridi na kahawa. Mara ya kwanza kufika ofisi ya kata nilifuata barua ya utambulisho. Bati lilikuwa linavuja mpaka Mtendaji wa wakati ule alikuwa anahamisha meza kufuata sehemu kavu, na mafaili yalivaa mifuko ya nailoni. Sakafu ilikuwa na mashimo ya kuatamia kuku. Lakini mbele kulikuwa na kibaraza kirefu chenye paa, na benchi la ubao kutoka mwanzo mpaka mwisho. Pale tulisubiri, tukanyonyesha, tukauziana ndizi. Kesi nyingi za kata zilikwisha pale benchini kabla hazijaingia ndani, kwa sababu ukikaa na adui yako saa nzima kwenye benchi moja, mnaanza kuilalamikia ofisi badala ya kulalamikiana.

Kwa hiyo tulipoambiwa halmashauri imetenga fedha za ukarabati kutoka mapato yake ya ndani, tulifurahi. Fedha hizo hazikutosha kila kitu, hazijawahi kutosha popote, na ndiyo maana upande wetu ulikuwa nguvu za wananchi: mchanga, mawe, maji. Mkutano ukaitishwa. Wakatafuta mtu wa kuwa katibu wa kamati ya ujenzi, wakanichagua mimi kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Mama mkwe wangu aliniinua mkono yeye mwenyewe, kama mtu anayenadi mbuzi.

Tulikubaliana vitu vitatu. Bati jipya. Sakafu ya saruji. Na kibaraza kipya chenye nguzo za tofali, maana nguzo za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Kina mama walisema kibaraza kiwe cha kwanza. Fundi akasema kibaraza hujengwa mwisho, ukikijenga mwanzo mafundi watakivunja kwa kupitisha mbao. Hilo lilikuwa na maana, tukakubali. Nikaandika.

Kisha tukabeba mchanga. Kutoka mtoni hadi ofisini ni kupanda tu, na mimi nilikuwa na mimba ya huyu mtoto. Mama mkwe alinikataza ndoo, akanipa kisufuria, nikawa napandisha mchanga wa kisufuria huku wenzangu wananitania kwamba napeleka chumvi ofisini. Mama mkwe akasema kazi ile ni ngokela tu, hata kama serikali inaiita jina lingine. Ngokela ni desturi ya huku: unawaita majirani walime shamba lako, unawapikia, na wakimaliza wanakaa kwako, wanakula, wanakunywa, wanapumzika. Hawalipwi, lakini hawafungiwi mlango. Nilimsikia, ila sikujua kama nitakuja kuyahitaji maneno yale.

Miezi ya mwisho nikateremka ziwani kujifungulia karibu na mama yangu, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa kwanza. Kwa mama yangu kila kitu hufanyikia barazani. Usipa, dagaa wa kwetu, unachaguliwa pale, wageni wanalala pale, mtoto wangu aliogeshwa pale na bibi watatu wanaopingana kuhusu joto la maji. Nilikaa mpaka mtoto akaanza kukaa mwenyewe, ndipo nikapanda tena Mbinga na mfuko wa usipa mkavu.

Jengo nililokuta, sitasema uongo, lilikuwa zuri. Bati za msauzi rangi ya bluu, lipu imenyooka, madirisha yana vioo. Nikamuuliza mume wangu, "Kibaraza kiko wapi?"

"Kilibomolewa. Nguzo ziliharibika."

"Kipya?"

Akajifanya kumtazama mtoto. "Fedha yake iliishia kwenye marumaru."

Mambo yalikuwa hivi. Mtendaji alikwenda semina Songea, akaingia ofisi moja yenye sakafu nyeupe, akarudi kama mtu aliyetoka hija. Akaiita kamati, akaiambia ofisi ya serikali lazima iwe na hadhi, kibaraza kitasubiri awamu nyingine. Wanakamati wakapiga makofi. Nilipomfuata mwenyekiti wa kamati kumuuliza walikubalije bila katibu, akanijibu, "Makofi hayahitaji katibu, mama."

Nikamwendea fundi. "Na wewe hukusema kitu?"

"Nilisema. Nilimwambia basi achukue hata ya kahawia. Akasema kahawia ni rangi ya uchafu."

Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi. Mwizi tunajua pa kumpeleka na maneno ya kumwambia. Huyu hakula hata senti, kila mtu anakiri. Ni mtu msafi tu, aliyetoka kanda ya kati kwenye ukame, ambako uchafu ni vumbi na vumbi linafagiliwa. Tope jekundu la Mbinga, linaloanza na mvua za Novemba na kukaa mpaka watu wamesahau rangi ya miguu yao, hakulijua. Aliyafuata marumaru kwa mapenzi, na mapenzi yale tuliyalipia sisi.

Ndipo ikaja sheria ya viatu. Siku za watu wengi ungedhani ndani kuna msikiti, viatu vimejaa nje, isipokuwa huku karibu wote ni Wakatoliki. Baba mmoja wa jirani alirudi nyumbani na mabuti mawili ya kushoto, moja si lake. Babu mmoja aliyekwenda kulalamikia mpaka wa shamba aliteleza mlangoni akaserereka hadi mezani kwa Mtendaji, akafika kabla hajaitwa. Hakuumia. Alisimama, akajifuta, akasema, "Shikamoo yako naisubiri, kijana," na Mtendaji akaitoa haraka.

Tulicheka yote hayo. Mpaka siku ya kiatu. Siku ile sikucheka.

Nilifika nyumbani na yeboyebo moja mkononi. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage ya mbegu. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mama, unacheka na mjukuu wako kanyeshewa."

"Nacheka kiatu. Mjukuu namlilia baadaye." Akarudia maharage yake. "Hayo maji ya pale mbele yamezidi, sivyo?"

"Yanaingia mpaka chini ya mlango. Mhudumu anadeki kutwa."

"Mtu akisumbuliwa na maji kwenye mteremko anafanya nini?"

Mimi mtu wa ziwani nikasema, "Anajenga mtaro."

Akanitazama kwa huruma. "Nilimwambia mwanangu, hawa wa ziwani wanajua maji ya kuoga tu."

Hakusema zaidi. Lakini Jumapili ile, baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba kuna mgeni anakuja kutoka wilayani kukagua ukarabati, na kina mama wanaombwa wafike ofisini na majembe siku moja kabla, kwa sababu maji yanaingia ndani na itakuwa aibu. Nguvu za wananchi tena.

Tulifika. Mtendaji alikuwa anapanda pikipiki, ana kikao mjini. Mama mkwe akamsogelea. "Tuyafanyeje haya maji, Mtendaji?"

"Mama, ninyi ndio wakulima. Fanyeni kama mnavyofanya kwenu. Mimi nataka tu maji yasifike mlangoni." Akawasha, akaondoka.

Sisi tukatazamana.

Kama mnavyofanya kwenu. Kwa Wamatengo, wenyeji wa huku Mbinga, hilo jambo lina jibu moja, nalo ni ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana, kama madirisha. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila dirisha na kuzifunika nyasi kwa huo udongo. Yanabaki matuta na mashimo, matuta na mashimo, mlima mzima. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni yanakaa, hayateremki na shamba la mtu. Juu ya matuta unapanda maharage. Na ilikuwa msimu wake hasa.

Kwa hiyo tulifyeka nyasi wenyewe, bila wanaume, tukalima ngolo uwanja wote wa ofisi ya kata, kuanzia ukutani hadi barabarani.

Wengi walifanya kwa nia njema kabisa. Mimi sikufanya kwa nia njema. Nililima kwa hasira, na jembe langu lilikuwa linaenda ovyo.

"Wewe wa ziwani," mama mkwe akaniita mbele ya watu wote, "hilo ni shimo la ngolo au kaburi la samaki wenu mbasa?"

"Mama, nichimbe au nisemwe?"

"Vyote viwili vinawezekana. Funika hizo nyasi vizuri, usiziache kichwa nje."

"Mwache," mwingine akasema, "anatafuta kiatu chake."

Mhudumu wa ofisi akatoka na ndoo ya togwa, akavua viatu vyake mwenyewe kwa mazoea, akakumbuka yuko nje, akavaa tena. Kabla jua halijawa kali tulikuwa tumeshapanda na maharage. Mbegu alitoa mama mkwe. Alikuja nazo zimefungwa kwenye kitenge tangu asubuhi, na mpaka leo anasema zilikuwa pale kwa bahati.

Mtendaji alirudi jioni. Alisimama barabarani, ameshika pikipiki, akautazama uwanja wake.

"Hiki ni nini?"

"Ngolo, Mtendaji," mama mkwe akamjibu. "Maji hayatafika mlangoni."

"Na gari la mgeni litapita wapi?"

"Gari hukulisema, baba."

Mvua kubwa ilishuka usiku ule. Asubuhi mhudumu aliniambia hakuna hata tone lililoingia ndani. Alisema Mtendaji alipiga magoti mlangoni akapapasa sakafu kwa kiganja, akakuta kavu.

Mgeni alifika mvua ikinyesha bado. Mtu wa makamo, ana tai, ana mwavuli. Gari likaishia barabarani. Akashuka, akayatazama matuta, akauliza njia, akaambiwa njia ni hayo hayo matuta. Akaja juu ya tuta kwa miguu ya kuvukia mto, akakosea hatua moja, mguu ukazama shimoni mpaka kwenye soksi. Sisi tulikuwa tumejipanga pembeni na miavuli michache na majani ya mgomba vichwani. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Alipofika mlangoni, mhudumu akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mheshimiwa. Viatu."

Mtendaji akakohoa. "Mgeni si lazima..."

"Ulisema watu wote, Mtendaji," mhudumu akasema kwa upole wake uleule, dekio mkononi.

Mgeni akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu na kidole gumba kinachungulia. Akaingia akitembea kama anayekanyaga mayai, akasifu bati, akasifu lipu, akasifu madirisha. Kisha akageuka akatuona sisi pale nje.

"Na hawa, siku za kawaida wanasubiria wapi?"

Mtendaji akautazama ukuta. Mwenyekiti wa kamati, yule wa makofi, akautazama ukuta huohuo.

"Hapahapa tulipo, mheshimiwa," nikasema.

"Na mvua?"

"Inasubiri na sisi."

"Kibaraza hakikuwemo kwenye mpango?"

"Kilikuwemo. Niliandika mimi mwenyewe, wakati huyu yuko tumboni." Nikamgeuza mtoto amwone. "Kimegeuka hiyo sakafu uliyosimamia."

Mama mkwe akapenyeza neno lake. "Baba, kwetu ukiwaita watu ngokela, wakikulimia huwaachi nje ya nyumba. Ukiwaacha, mwaka unaofuata utalima na mkeo."

Mgeni alicheka, kicheko cha mtu aliyewahi kulima. Kisha akawa mtu wa serikali tena. "Mama," akaniambia, "malalamiko ya mdomo yanakauka pamoja na mvua. Andika, yaingie kwenye faili. Ila yapitishe kwa Mtendaji wa kata. Ndio utaratibu."

Yaani malalamiko dhidi ya Mtendaji, yapite kwa Mtendaji, ayagonge muhuri yeye mwenyewe. Nilifikiri ananitania. Hakuwa ananitania.

Niliandika mezani kwa mama mkwe, yeye ananiambia niongeze ukali na mume wangu ananiambia nipunguze. Jumatatu nikapita juu ya matuta, maharage yalikuwa yameanza kuchomoza, nikavua mabuti ya mume wangu mlangoni, nikaingia. Hakukuwa na mvua, miguu ilikuwa safi. Nikamweka mtoto chini ili nitoe barua mkobani. Akatambaa, mikono ikateleza, akaanguka kwa tumbo, akafurahi, akaanza kuserereka huku na huku kama samaki. Yale marumaru hatimaye yalikuwa yamepata mtu mwingine wa kuyapenda.

Mtendaji alisoma barua yote, polepole, kalamu mkononi.

"Umeandika mimi si mwizi."

"Ndiyo."

"Asante." Akaendelea. "Umeandika pia siijui mvua."

"Hilo nimeliandika kwa upole. Mama mkwe alikuwa na neno lingine."

Akamtazama mtoto aliyekuwa anaserereka kuelekea kwenye soksi zake. "Na hapa, kwamba sakafu inang'aa kama meno ya tangazo. Hiyo si lugha ya kiofisi. Itoe."

"Sitoi."

Akafikiri. Kisha akachukua muhuri, akaupuliza, akaugonga mara moja, sawasawa, haukuinama. Baadaye akavuta droo akaniuliza jina la mtoto na siku aliyozaliwa, akaandika cheti palepale kwa mwandiko mzuri sana, hilo nalo sitamnyima. Nikachukua cheti, nikachukua mtoto, na barua nikaipeleka mwenyewe Mbinga mjini, masjala, wakaipokea. Nayo ni hii:

*Mkurugenzi Mtendaji,*
*Halmashauri ya Wilaya.*

*Kupitia: Mtendaji wa Kata.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIBARAZA CHA OFISI YA KATA KILICHOGEUZWA SAKAFU*

*Husika na somo tajwa hapo juu.*

*Wananchi wa kata hii tulibeba mchanga, mawe na maji kwa ajili ya ukarabati wa ofisi yetu. Mkutano wetu uliamua vitu vitatu: bati, sakafu ya saruji na kibaraza cha kusubiria. Bati tumelipata na tunashukuru. Badala ya saruji na kibaraza tumepata sakafu ya marumaru nyeupe, inayong'aa kama meno ya tangazo.*

*Simlalamikii Mtendaji kwa wizi. Si mwizi. Nalalamika kwamba alibadilisha matumizi ya fedha bila kuurudisha uamuzi mkutanoni kwetu sisi tuliobeba, na kwamba hakuijua mvua ya huku wala hakuuliza wanaoijua. Ofisi imekuwa safi kwa sababu watu wamewekwa nje yake. Mwanangu alinyeshewa kwenye ukuta wa ofisi hiyo. Yeye hana kosa lolote, hata tope hakuwa amekanyaga.*

*Naomba mambo mawili. Kwanza, fedha za ukarabati zitakazofuata zijenge kibaraza chenye paa na benchi refu, kabla ya kitu kingine chochote kinachong'aa. Pili, uamuzi wa mkutano usibadilishwe na makofi.*

*Mchanga tuko tayari kubeba tena. Safari hii nitabeba ndoo, si kisufuria. Ila mafundi wakija waambiwe wapite juu ya matuta, wasikanyage maharage, kwa kuwa kina mama tumekubaliana mavuno yake tutayapika siku kibaraza kikikamilika, tule tukiwa tumekaa chini ya hilo paa, na Mtendaji tumemwalika. Aje na viatu vyake.*

*Kiatu changu sikidai.*

*Ni mimi,*
*Katibu wa Kamati ya Ujenzi, ambaye hakuwepo kwenye makofi.*